Red Sox na mlango ulioachwa wazi: nafasi ya mtoano 2026 na thamani ya kipengele cha kujitoa

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Naufungua uzi huu kwa sababu tangu mlinzi wa beisi ya tatu Alex Bregman akubali kwenda Chicago Cubs mwezi huu wa Januari 2026, kwa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 175, mashabiki wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema uongozi ulifanya uzembe kumpa mchezaji haki ya kujitoa baada ya mwaka mmoja tu. Kundi la pili linasema haki hiyo ndiyo iliyomleta, naye ndiye aliyesaidia kuirudisha timu kwenye mtoano baada ya kuukosa mwaka 2022, 2023 na 2024, kwa hiyo hakuna la kulalamikia. Mimi naamini kipengele kile kilikuwa ununuzi mzuri uliofanywa na watu ambao hawakujiandaa kwa siku ya kuondoka kwa mtu wao, na kwamba sehemu kubwa ya bei yake haikulipwa kwa dola. Ililipwa kwa Rafael Devers, mchezaji mwenzake wa nafasi ile ile.

Kwa wenzetu waliozoea kandanda, tuelewane kwanza. Katika soka kuna kipengele cha kuvunja mkataba: klabu inayomtaka mchezaji inalipa kiasi kilichotajwa, na klabu anayoiacha inabaki na fedha za kutafutia mwingine. Katika besiboli ya Marekani kipengele cha kujitoa ni haki ya mchezaji peke yake. Mwaka uliotajwa ukifika, anaweza kusema kwamba miaka iliyobaki haitaki. Anaingia sokoni akiwa mchezaji huru, na klabu aliyoiacha haipewi ada yoyote. Akiamua kubaki, klabu itamlipa kila kilichoandikwa hata kama kiwango chake kimeporomoka au amekaa msimu mzima akitibiwa bega, kwa sababu mishahara katika ligi hiyo imedhaminiwa na mkataba.

Bregman alisaini Boston mwezi Februari 2025 kwa miaka 3 na dola milioni 120, sehemu ya fedha hizo ikipangwa kulipwa miaka ya baadaye, akiwa na haki ya kujitoa baada ya msimu wa 2025 na tena baada ya 2026. Alitokea Houston Astros, ambako alikuwa ametwaa ubingwa wa 2017 na wa 2022, na wakala wake ni Scott Boras, ambaye kwa muda mrefu amekuwa fundi wa mikataba ya namna hii. Wakati ule iliripotiwa kwamba Detroit Tigers walikuwa wamemwekea mezani miaka 6 na dola milioni 171.5, na wengi walishangaa kumwona akiuacha uhakika wa namna hiyo. Sasa tupige hesabu. Mwaka wake mmoja wa Boston ulikuwa na thamani ya dola milioni 40. Ukijumlisha na 175 za Chicago unapata milioni 215 kwa miaka ile ile 6. Hata tukikumbuka kwamba dola itakayolipwa miaka ijayo si sawa na dola ya leo, tofauti ya milioni 43.5 inaonyesha mlango ule ulikuwa na thamani gani kwake. Hakupewa bure, kwa maana angeumia vibaya mwezi Mei angebaki na uhakika wa milioni 120 wakati 171.5 zimeshampita.

Na kweli aliumia mwezi Mei, ila si vibaya hivyo. Katika mechi 51 za kwanza alikuwa na homurani 11, yaani mipira aliyoipiga hadi nje ya uwanja, kisha msuli wa paja la kulia ukamweka nje hadi Julai. Alimaliza na mechi 114, homurani 18 na wastani wa upigaji wa .273. Hizo si takwimu za kutikisa dunia, lakini kila aliyeifuatilia timu alimwona akikaa na vijana kabla ya mechi akiwafundisha namna ya kumsoma mrushaji, na kocha mkuu Alex Cora, aliyefanya naye kazi Houston mwaka 2017, alimtegemea katika hilo waziwazi. Timu ikashinda mechi 89 na kupoteza 73. Tarehe 26 Septemba, Ceddanne Rafaela aliupiga mpira uliomfikisha beisi ya tatu na kumwingiza mwenzake katika duru ya mwisho (mechi ya kawaida huwa na duru 9) dhidi ya Detroit, na Boston wakafuzu.

Kilichofuata kinauma kukisimulia, lakini ndani yake kuna somo la mkataba mwingine. Katika mfululizo wa mechi 3 dhidi ya New York Yankees, Garrett Crochet alishinda ya kwanza 3 kwa 1, akirusha duru 7 na theluthi mbili na kuwatoa wapigaji 11 kwa straiki. Mechi ya pili Boston walipoteza 4 kwa 3. Mechi ya tatu, ya kufa na kupona, ilihitaji mrushaji mzoefu, na mzoefu huyo alikuwa Lucas Giolito. Yeye aliletwa kwa dola milioni 38.5 za miaka 2, akiwa na haki ya kujitoa baada ya 2024. Mwaka huo wa 2024 hakurusha mpira hata mmoja wa msimu wa kawaida, kwa kuwa alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwezi Machi. Bila shaka hakujitoa, naye akalipwa dola milioni 19 za mwaka 2025. Mwaka wa pili akarudi vizuri, ushindi mara 10 na kupoteza mara 4, kisha kiwiko kikamsumbua tena mtoano ulipokaribia. Mpira akakabidhiwa Connelly Early, kijana aliyeingia ligi kuu mwezi huo huo wa Septemba. Yankees wakashinda 4 kwa 0, na aliyewazima Red Sox kwa duru 8 na kuwatoa wapigaji 12 kwa straiki ni Cam Schlittler, kijana aliyekulia Walpole, Massachusetts, mwendo mfupi tu kutoka Fenway Park, uwanja wa Red Sox.

Turudi kwa Devers, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha uzi huu. Januari 2023 alisaini miaka 10 na dola milioni 313.5. Alikuwa ndiye mtu wa kudumu wa beisi ya tatu, aliyefungwa na klabu hadi 2033. Kisha akaletwa Bregman, mlinzi bora zaidi wa nafasi ile ile, kwa mkataba ambao ungeweza kumalizika baada ya miezi 8. Devers alikataa hadharani kuhama, baadaye akakubali kuwa mpigaji tu asiyelinda. Triston Casas alipoumia goti mwanzoni mwa Mei, akaombwa ahamie beisi ya kwanza, akakataa, na uhusiano wake na uongozi ukavunjika. Tarehe 15 Juni, timu ikiwa imetoka kuwafunga Yankees mechi zote 3 za wikiendi hiyo, akapelekwa San Francisco Giants pamoja na deni lake lote la zaidi ya dola milioni 250.

Najua timu ilicheza vizuri baada ya hapo: ilikuwa na ushindi 37 na vipigo 36, ikaenda 52 kwa 37 hadi mwisho wa msimu. Silipingi hilo, na sisemi Devers hakuwa na makosa. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye mkataba wa kudumu aliondoka kwa sababu ya mtu mwenye mkataba wa muda, na miezi michache baadaye huyo wa muda naye akaondoka kwa haki aliyopewa siku ya kwanza. Kati ya Juni 2025 na Januari 2026 beisi ya tatu ya Boston imewapoteza wote wawili. Kwa hiyo swali la kama Red Sox watafuzu mtoano wa 2026 haliwezi kutenganishwa na swali la kama walijua walichokuwa wakikinunua.

Mdau wa Dodoma

Mkuu, nakushukuru kwa uchambuzi, lakini naona umekuwa mpole mno kwa kipengele chenyewe. Nimejaribu kukitafakari kwa pande zote na bado sioni namna klabu inavyoweza kufaidika. Mchezaji akifanya vizuri, anaondoka wakati unamhitaji. Akifanya vibaya, anabaki wakati humtaki. Faida yote iko upande mmoja na hasara yote upande mwingine.

Tazama kipindi cha baridi cha kuelekea msimu wa 2024. Blake Snell alisaini Giants kwa miaka 2 na dola milioni 62 akiwa na mlango wa kutokea baada ya mwaka mmoja, na Jordan Montgomery alisaini Arizona Diamondbacks kwa mwaka mmoja wa dola milioni 25 pamoja na hiari yake mwenyewe ya mwaka wa pili. Wote wawili walisaini msimu ukiwa mlangoni. Snell alianza vibaya, akapona, akarusha mechi isiyo na mpigo hata mmoja dhidi ya Cincinnati mwezi Agosti, kisha akajitoa na kwenda Los Angeles Dodgers kwa miaka 5 na dola milioni 182. Montgomery aliruhusu wastani wa alama 6.23 kwa kila duru 9, akachukua hiari yake ya kubaki, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwezi Machi 2025, na msimu mzima ukapita bila kurusha. Giants walipata nini? Walishinda mechi 80, wakapoteza 82, na mtoano hawakuuona. Arizona walipata nini? Walimlipa mtu wa kutibiwa.

Tena kwa Bregman hasara ilizidi. Klabu inayompoteza mchezaji huru inaweza kufidiwa nafasi katika uteuzi wa vijana, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya, iwapo ilimpa ile ofa rasmi ya mwaka mmoja naye akaikataa. Lakini ofa hiyo mchezaji hupewa mara moja tu katika maisha yake ya uchezaji, na Bregman alikuwa ameshaikataa ya Houston mwaka 2024. Kwa hiyo Boston walipoteza nafasi yao ya raundi ya pili katika uteuzi kwa kumsaini, na alipoondoka hawakurudishiwa chochote. Walilipa wakati wa kuingia na wakalipa wakati wa kutoka.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, hoja yako ya fidia ya uteuzi ni ya kweli kabisa na nilipaswa kuitaja mwenyewe. Hiyo ni gharama iliyojificha, na uongozi uliijua tangu Februari.

Hata hivyo sikubaliani kwamba faida yote iko upande mmoja. Kipengele cha kujitoa ni sehemu ya malipo. Mchezaji anayekipokea anapunguza kitu kingine, mara nyingi urefu wa mkataba, na urefu ndio unaoziua klabu. Mfikirie Zack Greinke. Dodgers walimpa miaka 6 na dola milioni 147 kuanzia msimu wa 2013, akiwa na ruhusa ya kujitoa baada ya 2015. Kwa misimu 3 alikuwa miongoni mwa warushaji bora duniani, na huo wa mwisho aliruhusu wastani wa alama 1.66 tu. Akajitoa, akaziacha dola milioni 71 zilizobaki, na Arizona wakampa milioni 206.5 za miaka 6 akiwa mtu wa miaka 32. Dodgers walikuwa wamechukua miaka yake mitamu na kumwachia mwingine miaka ya uzee wake. Arizona hawakumaliza naye mkataba. Julai 2019 wakampeleka Houston.

Sasa mlinganishe na Stephen Strasburg wa Washington Nationals. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa fainali ya ubingwa, akajitoa na kuacha miaka 4 yenye dola milioni 100. Mlango ulifunguka, na klabu ilikuwa na nafasi ya kumshukuru na kumuaga kwa heshima. Badala yake wakamrudisha kwa miaka 7 na dola milioni 245. Tangu hapo hadi alipostaafu alianza mechi 8 tu, duru 31 na theluthi moja kwa jumla, mwili ukiwa umekataa. Ni huzuni kwa mtu aliyeipa Washington ubingwa wake, wala simlaumu yeye. Lakini tuseme ukweli: kipengele hakikuiumiza Nationals. Kiliwapa mlango wa kutokea, wao wakaufunga kwa ndani kwa sababu hawakuweza kumwazia mchezaji wao akivaa sare nyingine.

Hata Yankees walipitia njia hiyo. Alex Rodriguez alijitoa usiku wa mechi ya nne ya fainali ya 2007, Boston wakiwa wanakaribia kutwaa ubingwa, akiacha miaka 3. Texas Rangers, waliomsaini mwanzo kwa dola milioni 252, walikuwa wanachangia zaidi ya dola milioni 20 za mshahara wa miaka hiyo iliyobaki, na mchango huo ukafutika siku ile ile. Yankees walikuwa wamesema kwamba akijitoa hawatamfuata. Wiki chache baadaye wakampa miaka 10 mipya na dola milioni 275. Ni kweli alitoa mchango mkubwa katika ubingwa wa 2009, lakini kilichobaki baada ya hapo kilikuwa kirefu na kizito.

Ndiyo maana nasema thamani ya kipengele kwa klabu inategemea jambo moja: siku unaposaini, uwe tayari unajua utafanya nini siku anapoondoka. Ukijua, umemkodi mchezaji bora kwa miaka yake bora. Usipojua, utalazimika ama kumnunua tena kwa bei ya hofu, ama kubaki na pengo.

Mdau wa Lowell

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Lowell, Massachusetts, ambako Wakenya tuko wengi na watoto wetu wamekua wakiwaona vijana wa Red Sox katika uwanja wa LeLacheur, kabla klabu ya Lowell Spinners haijapoteza uhusiano wake na Boston mwaka 2020. Mookie Betts alipita hapa mwaka 2012 bila kupiga homurani hata moja, na sote tunajua alivyokuwa baadaye, na sote tunajua kwamba Februari 2020 alipelekwa Dodgers. Kwa hiyo mnapozungumza kuhusu kuondoka kwa wachezaji, kwetu si hesabu tu.

Naomba kuongeza historia ya Boston yenyewe, kwa sababu klabu hii imekuwa ikitoa vipengele hivi kwa muda mrefu na matokeo yake hayafanani. David Price alikuwa na miaka 7 na dola milioni 217, na ruhusa ya kujitoa baada ya 2018. Mwaka huo alishinda mechi mbili za fainali na tukatwaa ubingwa, lakini hakujitoa, kwa kuwa hakuna ambaye angempa zaidi ya dola milioni 127 zilizokuwa zimebaki. J.D. Martinez alisaini Februari 2018 miaka 5 kwa milioni 110 na milango kadhaa ya kutokea. Msimu wa kwanza akapiga homurani 43, tukawa mabingwa, na miaka ikapita bila yeye kuutumia mlango hata mmoja. Hapo hakuna aliyedhulumiwa, si yeye wala klabu.

Kisha ukaja mwaka 2022. Xander Bogaerts alikuwa amekubali mwaka 2019 kuongeza mkataba kwa bei ambayo kila mtu aliiona ya chini, dola milioni 120 za miaka 6, na kwa kubadilishana akapewa haki ya kujitoa baada ya 2022. Klabu ilikuwa na miaka 3 mizima ya kujua kwamba siku ile inakuja. Ilipofika, akaziacha dola milioni 60 zilizobaki na San Diego wakampa milioni 280 za miaka 11. Mimi nakubali kwamba miaka 11 ilikuwa mingi mno kuifuata. Siwezi kukubali kwamba ilifika Desemba na mrithi wa kweli hayupo. Mleta uzi, hilo ndilo kosa unalolieleza, na Boston walilifanya miaka 3 kabla ya Bregman.

Lakini nitamtetea Trevor Story. Alisaini Machi 2022 miaka 6 na milioni 140, naye akiwa na mlango baada ya 2025. Misimu 3 ya kwanza alicheza mechi 94, kisha 43, kisha 26. Kiwiko na bega vilimtesa, na watu walimwita mzigo. Mwaka 2025 akacheza mechi 157, homurani 25, akaingiza alama 96. Angeweza kujaribu soko. Akabaki. Wengine wanasema alibaki kwa sababu akiwa na umri wa miaka 33 asingepata zaidi, na huenda ni kweli, lakini kwa timu iliyompoteza Bregman, yule aliyeuona mlango na hakuutumia ndiye aliyebaki kiongozi wa chumba cha kubadilishia nguo. Mdau wa Dodoma alisema anayebaki ni yule usiyemtaka. Tunamtaka Story.

Mdau wa Dodoma

Nashukuru, na kwa Story narudisha maneno yangu nyuma. Ninaloliuliza sasa ni la mbele: bila Bregman na bila Devers, timu hii inapata wapi alama?

Mdau wa Toronto

Wakuu, mimi ni shabiki wa Blue Jays, kwa hiyo mnisome mkijua hilo. Kundi la Mashariki la Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda besiboli kuu, lilikuwa gumu mwaka jana na limezidi kuwa gumu. Sisi na Yankees tulimaliza sote na ushindi 94, tukachukua kundi kwa kuwa tuliwazidi katika mechi baina yetu, tukafika fainali na kupoteza mechi ya saba kwa Dodgers katika duru ya 11, jambo ambalo bado sijaweza kulizungumza bila kuumia. Kisha Novemba tukamsaini Dylan Cease kwa miaka 7 na dola milioni 210. Baltimore, waliokuwa wa mwisho, wamempa Pete Alonso miaka 5 na milioni 155, na kumbukeni kwamba Alonso naye ametokea kwenye mkataba wa mlango wazi: New York Mets walimpa milioni 54 za miaka 2, akapiga homurani 38 mwaka wa kwanza, akajitoa. Mets nao wameukosa mtoano wa 2025.

Boston watafuzu kwa nafasi ya ziada, kama watafuzu. Tangu 2022 kila ligi inatoa timu 6, yaani washindi 3 wa makundi na wengine 3 wenye rekodi nzuri, na hao wa chini huanza na mfululizo wa mechi 3 ambazo zote huchezwa nyumbani kwa timu iliyopangwa juu zaidi. Mwaka jana ushindi 87 ulitosha kwa Detroit na haukutosha kwa Houston, ambao walikuwa na idadi ile ile. Mechi moja tu kati ya 162 inaweza kuwa msimu mzima. Swali ni kama beisi ya tatu yenye pengo itagharimu mechi hiyo moja.

Mleta uzi

Nawashukuru wote, na Mdau wa Toronto pole kwa duru ile ya 11.

Nianze na nguvu zao, ambazo ni warushaji. Crochet alikuwa na ushindi 18 na vipigo 5, akawatoa wapigaji 255 kwa straiki, na nyuma yake sasa wapo Sonny Gray aliyetoka St. Louis mwezi Novemba, Ranger Suárez aliyesaini mwezi huu miaka 5 kwa dola milioni 130, na Brayan Bello. Mwaka jana, Giolito alipoumia, mechi ya kufa na kupona ilikwenda kwa kijana mgeni. Mwaka huu mechi kama hiyo itakwenda kwa Gray au Suárez. Ukiutazama usajili huu kwa makini, utaona ni jibu la mechi ya tatu pale Yankee Stadium.

Udhaifu ni ule alioutaja Mdau wa Dodoma. Mwaka 2025 hakuna mchezaji wa Boston aliyezidisha homurani 25 za Story akiwa na sare yao. Wilyer Abreu alikuwa na 22. Willson Contreras, aliyeletwa Desemba kwa ajili ya beisi ya kwanza, alipiga 20 akiwa St. Louis. Tumaini kubwa ni Roman Anthony, aliyepiga wastani wa .292 katika mechi 71 kabla ya misuli ya ubavu kumtoa mwanzoni mwa Septemba, na ambaye mwezi Agosti alikuwa ameshafungwa kwa miaka 8 na dola milioni 130. Kuna mpango unaoonekana hapa: vijana wanafungwa mapema kwa muda mrefu, Rafaela na Bello mwaka 2024, Kristian Campbell na Anthony mwaka 2025, na wakongwe wanapewa mikataba mifupi au yenye mlango. Mpango huo naupenda. Unafanya kazi pale kijana anapokuwa tayari siku mkongwe anapoondoka.

Kwenye beisi ya tatu kijana huyo angekuwa Marcelo Mayer. Aliitwa mwezi Mei 2025, mara tu Bregman alipoumia, akaonyesha mikono mizuri ya ulinzi, kisha kifundo cha mkono kikamalizia msimu wake. Laiti uongozi ungeamua Februari 2025 kwamba Bregman ni daraja la mwaka mmoja la kumfikia Mayer, na kumweleza Devers hivyo kabla ya kumwonyesha mlango wa nafasi yake, huenda tungekuwa tunaandika uzi mwingine. Badala yake kila hatua ilikuja kama dharura: Devers kuhamishwa, Devers kuuzwa, Bregman kusubiriwa hadi Januari wakati ilijulikana tangu Novemba kwamba yuko sokoni.

Kadirio langu ni ushindi 86 hadi 90, na nafasi ya ziada inayoamuliwa wiki ya mwisho. Kundi la Mashariki silioni likienda Boston mbele ya Toronto na New York. Wakifuzu, safari hii nawapa nafasi nzuri zaidi ya kuvuka mechi 3 za mwanzo kuliko mwaka jana, kwa sababu ya warushaji.

Na kwa wanaodhani mjadala wa vipengele umekwisha Bregman alipoondoka, mkataba mpya wa Crochet, miaka 6 na dola milioni 170 kuanzia msimu huu, una haki ya kujitoa baada ya 2030. Klabu ina misimu 5 ya kujiandaa, na mrushaji atakayechukua mpira wa kwanza mwezi Aprili 2031 yawezekana leo hii yuko shule ya sekondari.